Majivu Kabla ya Siku Yake

Paroko aliniomba niandike ukurasa mmoja juu ya Mwalimu, usomwe siku ya jubilei ya kigango chetu. Alitaka tarehe ya kuzaliwa, ukoo, na mahali alipobatizwa. Nikamwambia hayo yote yamo kwenye vitabu vya parokia, atume mtu ayanakili. Akasema sawa, basi niandike alivyokuwa, halafu akaongeza huku akicheka kwamba nisisahau ile habari ya Jumatano ya Majivu, watu wataifurahia. Nilianza mara nne na mara nne nilichana karatasi. Wakati huo Mwalimu alikuwa hai bado, anaishi kwa binti yake kule Tingi. Sasa ametangulia, jubilei imepita, na haya ninayoandika si ule ukurasa.

Habari ya Majivu inajulikana na kila mtu huku milimani kwetu mpaka Kikole, Wakristo kwa Waislamu. Ni kisa cha katekista aliyekosea hesabu ya siku, akawaanzishia watu wake Kwaresima wiki nzima kabla ya Wakatoliki wote wa dunia. Watu walikisimulia wakicheka, na Mwalimu mwenyewe alicheka nao. Mimi sikuweza kukifurahia, kwa sababu Mwalimu hakukosea hesabu yoyote. Kosa lilikuwa langu, tena halikuwa la hesabu, lilikuwa la uongo, na yeye alijua. Kwa miaka saba nilikuwa na neno la kumwambia mzee yule nikalimeza, na ndani ya miaka hiyo nikapewa kiti chake.

Katekista huku kwetu huitwa Mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki. Nilipochukua kazi nilidhani na jina litanifuata. Halikunifuata. Yeye alibaki Mwalimu na mimi nikawa Katekista, na mtoto akitumwa kwa Mwalimu alipita mlangoni kwangu bila kugeuka. Jambo hilo liliniuma kuliko ninavyopenda kukiri.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu imepinda kidogo. Kanisa letu ni la udongo na bati, na Padri hutufikia mara moja kwa mwezi, mvua zikiruhusu. Jumapili nyingine zote zilikuwa za Mwalimu. Msimu wa kupulizia mikorosho alikuja ibadani na unga wa salfa kwenye nyusi na nyuma ya masikio, kwa sababu alikuwa ameamka alfajiri kupulizia mikorosho ya wajane kabla umande haujakauka. Uso ulikuwa hivyo, lakini shati lilikuwa jeupe, limenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inakata. Alilipiga pasi mwenyewe. Hakumwamini mkewe kwa kazi hiyo wala binti yake. Alituhubiria kwamba Mungu hatazami mavazi, kisha akitoka nje alijitazama kwenye kila kioo cha pikipiki alichopita.

Alikuwa na daftari la shule ambalo ndani yake aliandika mambo asiyoyajua. Mtu akiuliza swali gumu kwenye mafundisho, kwa mfano watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo wanakwenda wapi, au kwa nini Mungu aliumba nyoka, Mwalimu hakubabaika. Alisema, "Hilo silijui," akalamba ncha ya penseli, akaandika. Padri akija alisomewa maswali yote, moja baada ya jingine, mpaka anatazama saa. Mimi nilikuwa katibu wa kigango, nimemaliza kidato cha nne, na niliona aibu kwa niaba yake. Mwalimu gani anayeandika ujinga wake? Siku moja nilimshauri kwamba angalau asiandike mbele ya wanafunzi. Akanijibu kwamba wanafunzi wakiona mwalimu wao hajui kila kitu, hawatachoka kutafuta, lakini wakidhani anajua kila kitu watamngoja yeye badala ya kumngoja Mungu. Nilimwona ni mzee anayejitetea tu.

Hata hivyo mtu huyuhuyu hakukubali kuambiwa chochote kuhusu kuimba. Sauti yake ilikuwa ya debe bovu. Mimi ndiye niliyeongoza kwaya, na kila Jumapili alituingilia ubeti wa pili kabla hatujamaliza wa kwanza, tena kwa sauti ya juu ambayo hakuna binadamu wa kuifikia. Nilipomwambia, kwa adabu zote, alininunia wiki mbili. Salamu zake zilikuwa fupi, na mkono aliutoa vidole tu. Kwenye daftari la asiyoyajua, uimbaji haukuwahi kuandikwa.

Ukali wake ulikuwa wa ghafla. Kuna mama kijana aliyekuja na mtoto mwenye homa, mtoto akalia wakati wa Injili, na Mwalimu akamwonyesha mlango kwa kidole bila kusimamisha kusoma. Yule mama alilia njia nzima. Kesho yake asubuhi alifika shambani kwake akamkuta Mwalimu amekwisha kulima ngwe mbili na anaanza ya tatu. Akamwuliza kulikoni. "Neno la radhi ni jepesi mno, mwanangu," akasema. "Nimeleta zito kwanza." Alipomaliza ile ngwe ndipo akalitamka na lile jepesi. Mama yule ndiye anayetusimulia mpaka leo, na mtoto mwenyewe sasa anahudumu altareni.

Lakini aliyemjua Mwalimu kuliko sisi sote hakuwa Mkristo. Alikuwa mtani wake wa ukoo, mzee wa Kiislamu mwenye mikorosho mingi na ulimi usio na breki. Mtani huku kwetu ana ruhusa ambayo hata mke hana. Anaweza kukucheka msibani, kukunyang'anya jogoo, kukusema mbele ya wakwe zako, na ukikasirika aibu ni yako. Watu wengi wakimwona mtani kwa mbali hubadili njia. Mwalimu alimwita. Alimwomba Jumapili akitoka shambani apite chini ya dirisha la kanisa, asikilize mahubiri, kisha amwambie alichosikia. Na yule mzee alipita, akaegemeza jembe ukutani, akasikiliza, na sisi tukitoka alikuwa tayari na hukumu yake. Siku moja alimwambia mbele yetu kwamba leo ametaja "mimi" mara tisa na Mungu mara nne, na kwamba kama dini ni ya Mwalimu mwenyewe basi yeye yuko tayari kubatizwa, maana Mwalimu anamfahamu tangu utotoni na hamwogopi.

Askofu alipomzawadia Mwalimu baiskeli mpya, kwa utumishi wa miaka mingi, Mwalimu aliifuta kwa kitambaa asubuhi na jioni. Siku ya nne mtani wake alikuja na kanzu na kofia, akaipanda, akazunguka nayo kitongoji kizima akitangaza kwamba askofu mpya wa Wakristo anakagua mali yake. Alikaa nayo siku tatu. Mwalimu alitembelea wagonjwa kwa miguu siku zote tatu na hakuuliza. Iliporudishwa, imejaa matope, alituambia kwamba alikuwa ameanza kuipenda baiskeli kuliko safari. Alizoea kusema kwamba kuungama kwa Padri ni mara moja kwa mwezi, lakini mtani yupo kila siku. Padri hakuipenda kauli hiyo.

Niliwahi kumwuliza, enzi zile nikijiona nimesoma vitabu viwili vitatu vya kiroho, mtu atajuaje kama anakua katika imani. Ukweli ni kwamba nilitaka anisifu. Akaniuliza, "Wewe si unalima mhogo? Unauchimba kila wiki kuangalia umefika wapi?" Nikasema hapana. "Basi palilia," akasema, akaendelea na shughuli zake. Nilichukizwa na jibu lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo marefu.

Sasa nije kwenye Jumatano yenyewe.

Mwaka ule mvua ziliwahi, njia ikakatika, na kalenda ya parokia haikutufikia. Mwalimu hakujua Majivu yataangukia lini, na aliliandika hilo kwenye daftari lake kama alivyoandika mengine. Kisha akaniita. Akasema wewe una miguu na una simu, nenda mpaka parokiani ukamwone Padri kwa macho, umwulize, urudi uniambie. Alirudia mara mbili lile la kwa macho.

Nilikodi bodaboda. Kabla ya kufika barabara kubwa kuna mkondo wa maji, na hapo pikipiki iliteleza tukaanguka. Hatukuumia. Lakini suruali yangu, ile ya sikukuu, ilikuwa tope mpaka kiunoni na kiatu kimoja kilikuwa kimeachia soli. Nilifika Nangurukuru, kwenye barabara kubwa, nimefanana na mtu aliyetoka kuvua kambare. Kutoka pale ningepanda gari jingine hadi parokiani, niingie ofisini mbele ya Padri na masista, mimi katibu ambaye barua zangu walizisifu kwa mwandiko. Nikaona haiwezekani. Nikakaa kwenye kibanda cha chai nikisubiri suruali ikauke, na haikukauka. Mama muuza chapati, mgeni aliyehamia kutoka Songea, alikuwa na rozari shingoni. Nikamwuliza Majivu ni lini. Akageuza chapati yake, akasema, "Nadhani ni Jumatano hii."

Nilimpigia Padri simu mara moja. Haikupatikana na sikupiga tena. Nikarudi nyumbani, Mwalimu akanipokea mlangoni, akauliza. Nikamwambia, "Padri amesema ni Jumatano hii." Neno moja la yule mama nililitupa, na maneno mawili nikayaongeza mwenyewe.

Aliniamini papo hapo. Alichoma matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, akayasaga, akachekecha majivu kwa kitambaa safi. Jumanne watu walikula nyama yao ya mwisho. Familia moja iliyokuwa na mbuzi wa posa ilimchinja haraka haraka ili sherehe isiangukie Kwaresima, na nusu ya wageni hawakuwahi. Jumatano tukapakwa majivu. Mwalimu aliponifikia alinipaka kwa utaratibu, kidole gumba kikavu, kama alivyowapaka wengine.

Alhamisi nilipanda mlimani kutafuta mtandao. Simu ikaingiza ujumbe wa Padri: barabara inapitika sasa, atakuja Jumatano ijayo kutupaka majivu. Nilisoma mara tatu, nikazima simu. Ningeweza kushuka mbio nikamwambia Mwalimu, na habari ingeishia kwenye kicheko cha siku moja. Nilishuka polepole, nikapita nyumbani kwake, nikamsalimu, nikaendelea.

Ijumaa mama mmoja mjane alifunga kama alivyofundishwa, akaenda kupalilia bila kutia kitu mdomoni, akaanguka shambani. Majirani zake Waislamu ndio waliomkuta. Walimpa maji yenye sukari, wakambeba mpaka kwake. Jioni nilikwenda kumpa pole kwa niaba ya kigango. Akaniambia nisihuzunike, amefunga kwa ajili ya Mungu na Mungu ameona. Nilimwambia ni kweli.

Jumatano iliyofuata Padri alifika na pikipiki, majivu yake kwenye kopo la maziwa. Alikuta watu wamekaa barazani wanamshangaa. Wakamwambia wao wamekwisha kupakwa, wako wiki ya pili. Alikasirika kweli. Alisema kalenda ya Kanisa si ya kubahatisha, na kwamba hakuna mtu yeyote kutoka kigango hiki aliyefika parokiani kuuliza, hata mmoja. Hapo Mwalimu aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama.

"Baba, kosa ni langu," akasema. "Nimewafungisha watu wiki nzima ya bure. Nawaomba radhi wote."

Padri alimkaripia mbele yetu, mzee wa umri wa baba yake. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili na kitabu cha kumbukumbu za kigango magotini. Niliandika kwamba Mwalimu amekiri kosa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote.

Mtani wake alisikia habari kabla jua halijatua. Akaja, akasimama katikati ya uwanja wa kanisa, akasema, "Sisi tukigombana kuhusu mwezi, angalau tunatazama juu. Ninyi mlimtazama huyu, naye kafumba macho." Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile mikono ya shati jeupe. Kila mtu alicheka. Nilicheka na mimi, na ladha ya kile kicheko nilikuwa nayo mdomoni siku nyingi.

Mwaka uliofuata viongozi wa parokia walisema mzee amechoka, hesabu zinampotea, apumzike. Nilipelekwa kwenye mafunzo, nikarudi na cheti, nikakabidhiwa funguo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilipita mbele ya altare.

Mwalimu alihamia benchi la mwisho, pamoja na wanaojiandaa kubatizwa. Hakuna aliyemwambia akae pale. Aliinua mkono kama mwanafunzi, akauliza maswali ambayo majibu yake alikuwa amenifundisha yeye. Alichota maji ya ubatizo, alifagia uwanja, na mimi nikiingia aliniwahi kwa salamu: "Tumsifu Yesu Kristo, Katekista." Wageni walimtazama wakaguswa. Sista mmoja aliyetutembelea alilia, akasema watakatifu bado wapo, wako kwenye mabenchi ya nyuma.

Mimi sikuguswa. Nilikuwa na hasira. Kila nilipofundisha juu ya kitubio nilimwona pale mwisho, mikono magotini, ametulia, na maneno yalinikauka. Hakuwahi kunidokeza, hata siku moja. Laiti angenitukana, ningepata pa kushika. Nilianza kumchukia, na naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Uongo wangu niliuungama kwa padri mgeni, mbali na kwetu, nikiuchanganya na dhambi nyingine upite haraka. Aliuona. Aliniambia nimwendee niliyemkosea. Sikwenda.

Nilikuwa na mawazo mabaya pia. Nilijiuliza kama ule ni unyenyekevu kweli au ni namna ya kunipiga bila fimbo. Wazo hilo likija nililifukuza, nikisema ni shetani anayetaka kunipa nafuu.

Mkewe alipofariki miguu yake ilianza kuvimba, na binti yake akaja kumchukua. Benchi la mwisho likabaki na watoto. Nilidhani nitapumua, lakini miezi miwili baadaye ndipo Paroko, huyu mpya asiyejua lolote, akaniomba ule ukurasa wenye habari ya Majivu ya kuchekesha. Mara ya kwanza nilikuwa nimedanganya kwa maneno mawili. Sasa nilitakiwa kudanganya kwa ukurasa mzima, na usomwe kanisani. Nilipochana karatasi ya nne nilitafuta bodaboda ya kwenda Tingi.

Nilifika kabla ya saa sita. Binti yake alikuwa anaanua mihogo mikavu uani, akanikaribisha, akaniambia baba yupo ndani na leo amekula vizuri. Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imewekwa juu ya kigoda. Shati lilikuwa jeupe, halikupigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza hali ya kigango, akauliza mvua. Akanionyesha kiti. Nikamwambia sitakaa mpaka niseme kilichonileta.

Nilisema yote. Suruali, mama wa chapati, ile simu niliyopiga mara moja. Mpaka hapo alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari anayoijua. Kisha nikasema juu ya ujumbe wa Alhamisi, kwamba nilikuwa najua siku sita nzima kabla Padri hajafika, na kwamba mjane yule alianguka mimi nikijua. Hilo hakulijua. Nilimwona akifumba macho, na uso wake ukazeeka palepale mbele yangu. Nikamwomba anisamehe.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema nimemaliza.

"Basi kaa. Na mimi nina langu."

Nikakaa. Akaanza kusema bila kunitazama. "Siku ile nilikubeba kwa huruma. Hilo ni kweli kabisa, niliona umekauka kama mtoto aliyevunja chungu. Lakini huruma haikufika hata Jumapili. Nikaanza kukungoja. Hukuja. Wakaninyang'anya kazi, ukaichukua wewe, na bado hukuja. Nikasema moyoni, nitamkalia pale nyuma mpaka avunjike. Wakaniita mnyenyekevu. Nikazidi kukaa."

Nje mihogo ilikuwa inamiminwa kwenye kapu.

"Lile benchi nililipenda, Katekista. Ulipokuwa ukikwama kwenye mahubiri, moyo wangu ulikuwa unashiba. Hata mtani wangu hakuligundua, maana nililificha ndani ya jambo jema. Tumeambiwa ndugu akikukosea umwendee, mkiwa wawili. Kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa kumaliza rozari nusu. Miaka saba sikuutembea."

Nataka niseme ukweli juu ya nilichohisi moyoni wakati huo. Ilikuwa furaha. Basi hata yeye, niliwaza, basi sikuwa mwendawazimu. Furaha ile ilidumu labda muda wa pumzi mbili, kisha ikanitisha, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuomba msamaha na tayari nilikuwa natafuta kumshinda.

Alishusha miguu kutoka kwenye kigoda, mmoja mmoja. Akaweka viganja kitandani akajisukuma, na hapo nikaelewa anataka kufanya nini. Niliruka nikamshika. Nikamwambia Mwalimu acha, wewe ni mzee wangu, miguu yako haiwezi.

"Usininyime," akasema.

Basi nilimshusha mimi mwenyewe, mikono yangu chini ya makwapa yake, mpaka yale magoti yaliyovimba yakagusa sakafu. Aliguna kwa maumivu. Akaniomba nimsamehe kwa kunitazama miaka saba kwa jicho baya. Nimefundisha watu kusamehe tangu nilipopewa funguo, maneno yake nayajua kwa moyo, na hayakutoka. Kukiri kosa langu nilikuwa nimekuja nimejiandaa. Kumsamehe sikuwa nimejiandaa, maana nikimsamehe hasira yangu itakosa nyumba, na nitabaki na dhambi yangu peke yake. Alingoja. Hakunihimiza. Mwishowe nilisema, "Nimekusamehe, Mwalimu," kwa sauti ndogo, na nilipiga magoti kwa sababu sikuweza kuendelea kusimama juu ya kichwa chake.

Akaniwekea mkono begani. Akasema amenisamehe uongo, na amenisamehe kitabu cha kumbukumbu na kiti na funguo. Akasema Jumapili niwaambie watu, ila niseme langu tu na nisimsifu, maana sifa zile angezipenda mno.

Binti yake aliingia akatukuta vile, wote wawili sakafuni. Akashtuka, akauliza nani kaanguka. Mwalimu akamwambia hakuna aliyeanguka, angoje kidogo, bado hatujamaliza. Binti akabaki mlangoni na kapu lake.

"La yule mama mjane," Mwalimu akaniambia, "hilo si langu kulisamehe. Mimi sikuanguka shambani. Nenda kwake."

Nikamwahidi nitakwenda wiki hiyo.

"Leo," akasema.

Tulimwinua mimi na binti yake, tukamrudisha kitandani, tukampandisha miguu kwenye kigoda. Aliniaga kwa mkono mzima. Sikumwona tena akiwa hai.

Njiani nilimwambia dereva wa bodaboda asisimame kwangu, anifikishe kwa yule mjane. Mama yule alikuwa kibarazani anachambua mchele. Alinipokea kwa furaha, akafuta kigoda kwa kanga yake, akasema karibu Katekista, kaa, umetoka mbali. Nikamshukuru, nikamwambia nitakaa nikishamaliza kusema, kama bado atanikaribisha.